Doa Jekundu Ndani ya Kioo

Bunagana, 14 Oktoba 2001

Yaya wangu Igihozo, muzaliwa wa kwanza wa mama yetu,

Leo asubuhi Uganda imechelewa kufunguliwa kwa sababu mimi nilikuwa bado ninachana nywele. Usicheke, ni kweli. Mukubwa mwenyewe wa duane, forodha ya mupaka, ametuma mutu kuniuliza, "Papa Carlos, tufungue ao tungoje?" Nikajibu wangoje. Malori arobaini yamepanga mustari, madereva wanapiga honi, na mimi niko mbele ya kipande cha kioo ninatafuta njia ya katikati ya kichwa. Nilipotoka, wote wamevua kofia. Ndiyo mupaka ukafunguka.

Vile ndivyo mudogo wako anaishi huku. Nina miaka kumi na tisa na wananiita Papa. Karatasi zote za duane zinapita mukononi mwangu. Wale waliosema kwamba mutoto aliyekimbia shule mwaka wa pili wa sekondari atabeba magunia, waje watazame. Na masharubu yameota, yaya. Si manyoya, ni masharubu kabisa. Wasichana wa Kisoro wanayasalimia mbele ya kunisalimia mimi.

Mama Philomène, wewe unayemusomea yaya wangu barua hii, soma yote, usiruke fasi hata moja, hata ile nitakayokutukana. Ninajua unasoma na sauti ya katekista mwenye njaa. Changamka kidogo.

Sasa maneno ya maana. Mufuko huu unaletwa na Onésime, dereva wa ile Fuso ya samaki wa Vitshumbi, kwa hiyo ukinuka, si mimi. Ndani kuna chupa ya matone ya jicho. Nimevuka mwenyewe mpaka farmasi ya Kisoro, kwa sababu Goma mulitafuta mukakosa. Docteur alisema tone moja asubuhi na moja magaribi, hakuna siku ya kuruka, mpaka ule daktari wa operesheni afike mwezi wa tatu. Basi utatia, na chupa ikikaribia kwisha mimi nitaleta ingine. Jicho lako la kushoto nimelipokea kazini kwangu. Likipotea, waniulize mimi.

Kuna pia rangi tatu za mudomo. Nimezifunga elastiki: yenye elastiki moja ni nyekundu, mbili ni kahawia, tatu ni zambarau, ile Mama Philomène atasema ni ya mashetani. Na poda, kopo la bati lenye jina la poda limechongwa juu. Jipake, yaya. Mutu asikwambie kitu.

Mimi wako,
Carlos Niyibizi,
Mufunguzi wa Mupaka


Goma, kwetu Murara, 28 Oktoba 2001

Mudogo wangu Carlos,

Ninaandika na kile kikartoni ulichonikatia, chenye madirisha. Kalamu inaingia dirishani, inatembea mpaka mwisho, ninashuka dirisha lingine. Philomène anasema mistari yangu imenyooka kupita ya kwako. Barua yako ameisoma mbele ya wanawake watano waliokuja kusukwa nywele. Fasi ya matusi ameirudilia mara mbili, ya pili kwa nguvu.

Matone yamefika. Eh, Carlos, yanachoma! Docteur alinionya, lakini kuonywa si kuchomwa. Nikitia tone, ninapiga muguu chini na kuhesabu mpaka ishirini, halafu inapoa. Ninakubali. Jicho la kuume lilikufa mwaka juzi kwa sababu hatukujua kama ni tansioni, presha ya jicho, inayolifinya ndani. Hili la kushoto limebaki na kitundu, sawa vile mutu anachungulia kwenye tundu la mufunguo. Kitundu hicho ninakitaka mpaka mwezi wa tatu. Sitaki kingine.

Umeniambia nijipake kama vile nilikuwa ninangoja ruhusa yako. Sikiliza namna ninafanya, ili siku moja umufundishe bibi utakayemuoa. Ninanawa uso, ninapaka mafuta, ninangoja mpaka ngozi iyanywe. Poda ninaigonga na kisponji, mara kumi shavu la huku, mara kumi la kule, mara tano paji la uso. Kwa nyusi ninalaza kidole cha kushoto juu ya mufupa, kalamu inafuata kidole, haiwezi kupotea. Mudomo ndio wa mwisho. Ninaanza katikati, ninaenda pembeni, kidole gumba kinafunga kona ili rangi isitoke inje. Halafu ninashika kile kioo cha mama, ninasimama dirishani na kukitafuta polepole na kitundu changu. Nyusi sizioni, wala mashavu. Lakini fasi moja ndani ya kioo kuna doa jekundu. Ninatabasamu, na doa linakuwa refu. Basi ninajua niko pale.

Ile ya elastiki moja ndiyo inaonekana. Asante.

Jumapili mama mumoja aliniuliza mulangoni mwa kanisa, "Unajipaka juu ya nani, na haujioni?" Nikamujibu, "Wewe unajiona, mbona haujipaki?" Philomène alicheka mpaka katika komunyo.

Lakini nitakuambia wewe. Miaka sita nilipaka nyuso za wanawake wa Himbi, wale wa majumba ya kando ya ziwa. Mikono haijasahau. Poda ile ikinukia asubuhi, mimi bado ni Igihozo. Na jina juu ya kopo nimelisoma na kidole, herufi kwa herufi. Philomène ametazama na macho yake, akasema nimesoma sawa.

Kuhusu masharubu, nitayaamini siku nitakapoyashika.

Yaya wako,
Igihozo


Bunagana, 23 Novemba 2001

Yaya,

Mama Philomène, kaa chini, usisome hii umesimama, utaanguka.

Jumanne nimetoka Kisoro na chupa ya pili mufukoni. Kufika bariere yetu ya barabarani, nimekuta askari waasi wa rebelio, si wale wa siku zote, wengine wapya wenye macho mekundu. Wakasema toa kila kitu. Wametoa viatu vyangu, vile vyeupe. Wametoa mukaba na kofia. Sasa chupa! Unafikiri mudogo wako alilia? Nimeitupa ndani ya kinywa, huku shavuni, sawa vile pipi. Mumoja akaniuliza, "Juu ya nini shavu limevimba?" Nikamujibu na pua, "Jino, chef." Akanihurumia! Ameniambia niweke maji moto. Nimepita muguu chini, suruali mukononi, lakini chupa ndani ya kinywa. Watu wa soko wamenipigia makofi. Kuna mutu anataka kutunga wimbo.

Kwa hiyo usishangae ukishika chupa ukakuta haina karatasi ya juu. Ni mate yangu yameitoa. Kifuniko nimekikaza vizuri. Endelea vile vile, asubuhi na magaribi.

Nimeweka pia rangi ya dhahabu ya kucha, haina elastiki, utaijua juu kichupa ni cha mviringo. Ni ya Noeli.

Barua ni fupi leo, malori ni mengi.

Carlos,
Shavu la Chuma


Goma, Murara, 9 Desemba 2001

Mudogo wangu,

Onésime amefika na chupa, na hadithi ya shavu imefika mbele yake. Anasema yeye hakuwa pale siku ile lakini aliona kweli unatembea bila viatu. Pole. Nilicheka, halafu usiku nilifikiri miguu yako kwenye mawe ya kule, nikaacha kucheka.

Chupa ya kwanza iliisha siku ile ile hii ilifika. Nimeanza ya pili bila kuruka. Lakini nikuulize. Haya matone mapya hayachomi. Ninatia, ninapiga muguu chini kwa mazoea, ninangoja, hakuna kitu. Ni baridi tu. Juzi moja limeteremuka mpaka mudomoni, nikalilamba, lina chumvi kidogo sawa vile machozi. Philomène anasema labda jicho limezoea. Na wewe unasemaje? Uliza wale wa farmasi.

Rangi ya dhahabu ni nzuri. Mama mumoja wa Himbi, wa zamani zangu, ameniita nimupake kucha kwa ajili ya ndoa ya mutoto wake. Mimi! Amesema, "Igihozo, wengine wana macho lakini mukono unawatetemeka." Nilipaka vidole kumi, kila kucha mipigo mitatu: katikati, kando, kando. Hakuna iliyovuka. Nilirudi nyumbani kwa muguu na Philomène, tumeshikana mikono, nikiimba sawa vile mulevi.

Doa bado lipo. Asubuhi hii ilibidi nikisogeze kioo karibu kidogo. Labda ni mawingu ya Desemba.

Yaya wako,
Igihozo


Bunagana, 22 Desemba 2001

Yaya,

Noeli njema kwako na kwa katekista wako.

Kuhusu ile dawa, usisumbuke. Kuna dawa ya wadogo inayochoma na dawa ya wakubwa isiyochoma. Hii ndiyo wanatia mawaziri. Waziri hawezi kupiga muguu chini mbele ya watu, ao sivyo? Niliwaambia wanipe ile. Mutu akijua majina anapewa.

Lakini bon, hata hivyo nitakuletea ingine. Si kwamba hii ni mbaya. Ni kwa kuongeza tu. Nitaileta mimi mwenyewe mbele ya Bonane, siku ya mwaka mupya, na nguo mupya, utashika kitambaa chake useme huyu si Carlos, huyu ni gavana. Na huko Goma, uliza tena katika farmasi. Uliza wewe na Philomène, mupite zote, hata zile ndogo za Birere. Sema ni haraka. Kama wako nayo, tia ile yao, yangu uiache kando kwanza. Kwa kuhifadhi.

Kioo, kisogeze karibu. Ni mawingu kweli, hata huku hatuoni mulima Muhabura tangu wiki.

Huku watu wananitafuta kushoto na kuume, ninafunga hapa.

Carlos


Bunagana, 8 Januari 2002

Yaya,

Barabara imefungwa. Karibu na Rugari wamechoma malori mawili na hakuna mutu anayepita. Nimelala siku ine kwenye Fuso ya Onésime nikingoja iondoke, samaki wameoza, dereva ananuka kupita samaki. Chupa mupya iko hapa mukononi. Nzima, yenye karatasi yake. Ikifunguka tu Onésime atakuletea na barua hii.

Ukiipata, ile ya pili itupe. Nimesikia kwamba tarehe yake ilipita. Itupe siku ile ile. Mama Philomène, unasikia? Itupe wewe.

Carlos


Gisenyi, Rwanda, 21 Januari 2002

Mudogo wangu Carlos,

Sijui kama umesikia vile mulima wa moto umepasuka. Ninaandika ili ujue tuko wazima, mimi na Philomène. Kikartoni chako kimeungua. Hiki ni cha boksi ya biskuti za musaada, Philomène ameyakata madirisha na kisu cha mutu, ukiona mistari inakimbia mulimani ujue ni yeye.

Ilikuwa Alhamisi. Asubuhi ardhi ilitetemeka, tukazoea. Magaribi watu walianza kukimbia, nikasikia joto kwenye shavu langu la kuume, sawa vile mutu amefungua tanuru la mukate upande ule wa muji. Philomène alinishika kifundo cha mukono. Nikamwambia, "Ngoja." Akapiga kelele, "Ngoja nini? Mulima unatembea!" Nyumba ilikuwa imejaa moshi, yeye mwenye macho mawili aligonga mulango na paji la uso. Mimi niliingia na kutoka sawa vile kila siku. Hatua nne, mukono kuume, kabati. Nilichukua kisanduku changu cha urembo na chupa yako. Picha ya mama iko juu zaidi, ukutani, sikuifikia. Halafu hakukuwa tena na nyumba, Carlos. Wanasema pale kwetu sasa ni jiwe jeusi, refu kupita mulango.

Tulitembea na watu wote mpaka mupakani. Nilisikia mabati yakipasuka nyuma yetu. Nilishika chupa yako ndani ya ngumi njia yote, Philomène anasema vidole vyangu ilibidi avifungue kimoja kimoja. Sikuruka hata tone. Hata usiku ule, kando ya barabara, nililala kichwa nyuma, nikatia.

Tunalala katika darasa la shule, wanawake makumi mawili na watoto wao. Jana ilikuwa Jumapili. Nilijisikia majivu mpaka kwenye meno. Nikaomba maji ya kikombe, nikanawa, nikafungua kisanduku. Kelele zikakoma. Nilifikiri watanitukana. Halafu mama mumoja ambaye sikujua sauti yake akakaa mbele yangu, akasema, "Nipake nami. Nimechoka na huu uso." Nilipaka wanawake kumi na moja. Mikono yangu ilipita juu ya machozi, nikangoja yakauke, nikaendelea. Poda imebaki kidogo chini ya kopo. Sijuti. Tulienda kuomba tukiwa wazuri.

Leo asubuhi nimejipaka mwenyewe, elastiki moja. Philomène ananishikia kioo kwenye jua. Nimekitafuta sana. Nimetabasamu ili doa lirefuke, nimefungua mudomo, nimefunga. Philomène aliniambia, "Iko, Igihozo, umepaka vizuri kabisa." Ninamuamini. Lakini mimi sikuiona. Kuna weupe tu, sawa vile maziwa, halafu magaribi hata weupe unaondoka.

Ni moshi, mudogo wangu. Moshi wa ule mulima umeingia ndani ya jicho. Labda utatoka. Farmasi za Goma tulizipita zote, tukakosa, kwa hiyo ninaendelea kutia matone yako, yamebaki manne ao matano.

Usije sasa, njia ni mbaya. Tuma tu neno.

Yaya wako,
Igihozo


Bunagana, 5 Februari 2002

Yaya wangu,

Nimesikia ule mulipuko kutoka huku, anga lilikuwa jekundu sawa vile tumbo la jiko. Nilikimbia mpaka Rutshuru na muguu nikiuliza kila mutu, "Umeona mwanamuke amejipaka, mwenye kisanduku?" Watu walifikiri nimewehuka.

Ule mulima ni mujinga. Nikikutana nao nitaupiga kofi. Ni kweli unachosema, ni moshi. Hata katika radio wamesema moshi ule una sumu, unakula macho ya watu wazima, sembuse jicho lenye tansioni. Docteur akikuuliza, mwambie moshi. Hakuna mutu anaweza kushindana na mulima. Kama si mulima, jicho lile lingefika mwezi wa tatu na lingepita.

Onésime anakuletea ile chupa nzima na barua yangu ya Januari. Zote mbili zilikaa Rutshuru.

Nitakuja. Si wiki hii, kuna mizigo mingi, mukubwa wa duane hawezi kuniachilia, anasema nikiondoka mupaka utaanguka.

Nimecheka fasi ya Philomène na mulango.

Carlos


Goma, Himbi, 17 Machi 2002

Mudogo wangu Carlos,

Tumerudi. Yule mama wa kucha za dhahabu ametupa kachumba nyuma ya nyumba yake, mimi na Philomène. Ninapaka wanawake wake na wageni wake. Nimejifunza hata kutia wanja kwenye jicho la mutu mwingine bila kumuchoma. Wanasema mukono wangu ni mwepesi kwa sababu unasikiliza.

Daktari wa operesheni amefika kama walivyosema. Nilivaa, nilijipaka, nikaenda wa kwanza kwenye mustari. Aliweka mashine yake, akatazama. Halafu akaniambia, "Mama, hakuna tena cha kuokoa. Tansioni imekausha mushipa wa nyuma." Nikamwambia ni moshi wa mulima. Akasema moshi unaumiza jicho kwa mbele, hili limekufa kwa nyuma, polepole, kwa miezi miwili ao mitatu. Akauliza, "Ulikuwa unatia dawa?" Nikamujibu dawa ikiwa mukononi hakuna siku nimeruka, mudogo wangu alileta kutoka Uganda. Nilisema kwa nguvu, mbele ya watu, ili wajue.

Nilimupa ile chupa ya tatu, ya Januari. Ilikuwa imefika mwezi wa pili, nimeitia na imenichoma, Carlos, imenichoma sawa vile ile ya kwanza. Nilifurahi kuchomwa. Nikapiga muguu chini. Lakini weupe haukurudi. Daktari akaisoma, akasema ni ile ile, ni nzuri. Halafu akauliza, "Na ya katikati, ilichoma?"

Nikamwambia sikumbuki.

Chupa ya katikati sikuitupa. Ilikuwa imekwisha wakati barua yako ya kuitupa ilifika. Niko nayo ndani ya kisanduku, nimeiosha, ninawekea mafuta ya kucha. Kitundu chake kinatoa tone moja moja, ni kizuri kwa kazi hiyo.

Onésime anasema barabara iko wazi tangu mwanzo wa mwezi wa pili. Anasema anakuita upande upande wake ndani ya Fuso, uje Goma, na wewe unasema kesho. Ninafikiri juu ya hilo asubuhi nikigonga poda, mara kumi huku, mara kumi kule.

Barua zako Philomène anazisoma mbele ya wote, na wote wanacheka, na ninajua wewe unaandika ili wacheke. Kama kuna neno ambalo haliwezi kupita kinywani mwa Philomène, mimi bado niko na kidole. Unakumbuka jina la juu ya kopo.

Pasaka ni wiki mbili. Njoo niyashike hayo masharubu.

Yaya wako,
Igihozo


Bunagana, Pasaka, 31 Machi 2002

Yaya,

Barua hii Philomène hawezi kuisoma. Nimeitoboa na sindano ya magunia, kutoka nyuma, kila herufi nimeigeuza. Ni siku sita na karatasi kumi na ine. Weka kidole polepole. Nitakosea kuandika, unisamehe hilo kwanza.

Masharubu hakuna. Kazi ya karatasi za duane hakuna. Ninabeba magunia. Viatu niliviuza. Huo wote ulikuwa uongo wa kukuchekesha.

Siku ile ya bariere askari hawakunipekua. Mumoja aliomba tu moto wa sigara. Kulikuwa na wasichana wanatazama. Mimi ndiye nilitoa chupa mufukoni nikaiinua juu. Nikasema hii ni dawa ya mawaziri, ukitia unaona usiku sawa vile muchana. Askari akasema lete. Alitia yote ndani ya macho yake, huku na huku, akicheka na kulia, na mimi nilicheka naye. Akaitupa chupa kwenye matope. Niliiokota. Karatasi ilitoka pale.

Niliona haya kukuambia. Nikafikiri ni wiki moja tu, mpaka nipate pesa ya ingine. Nikachemusha maji kwa mama wa chai, nikaweka chumvi kidogo, nikakaza kifuniko.

Ulikimbia nayo siku ya mulima. Uliacha picha ya mama.

Mulima haukugusa jicho lako. Ni mimi nililitia maji ya chumvi, asubuhi na magaribi, siku hamusini, na wewe haukuruka hata moja.

Niyibizi